Kiniambie Yuko Sawa: Historia Fupi ya Mashine za Kumchunga Mtoto Usiku

Kaka yangu alipata mtoto wake wa kwanza mwaka jana. Mtoto akiwa na wiki tatu, nikapigiwa simu saa tano usiku. "Wewe si ndiye wa kompyuta? Hebu niundie kitu cha kumchunga huyu mtoto akilala, kiwe kinaniambia kwenye simu." Nikamwuliza swali ambalo huwa namwuliza kila mteja: kikuambie nini hasa? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kiniambie yuko sawa."

Wasomaji wangu, hapo ndipo kazi iliponishinda. Sauti naweza kuipima. Joto, mwendo wa kifua, mapigo ya moyo, vyote vina kipimo. "Yuko sawa" haina. Basi badala ya kukaa kuandika programu, nikaingia kusoma historia ya vifaa hivi, nione waliotutangulia walilijibu vipi swali la kaka yangu. Leo nawaletea niliyoyapata.

Tuanzie Marekani, jimbo la New Jersey, usiku wa tarehe 1 Machi 1932. Charles Lindbergh, yule rubani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1927, alikuwa nyumbani na mkewe pamoja na wafanyakazi wao. Mtoto wao wa miezi 20 alikuwa amelazwa ghorofani. Mtu akaweka ngazi dirishani, akamchukua. Fidia ya dola 50,000 ililipwa, lakini tarehe 12 Mei mtoto alipatikana amekufa. Hebu fikiria: nyumba ina watu wazima, na hakuna aliyejua mpaka yaya alipokwenda kumtazama na kukuta kitanda kitupu.

Woga huo ulimwingia pia Eugene McDonald, mkuu wa kampuni ya redio ya Zenith kule Chicago, ambaye naye alikuwa na binti mdogo. Mafundi wake wakaunda kifaa cha sehemu mbili. Kimoja, Guardian Ear, kiliwekwa karibu na kitanda cha mtoto kusikiliza. Cha pili, Radio Nurse, kilikaa walipo wazazi. Ujanja wake ni kwamba sauti ilisafiri kupitia nyaya za umeme zilizokuwamo tayari ukutani. Unachomeka huku, unachomeka kule, basi. Umbo la Radio Nurse lilichongwa mwaka 1937 na msanii Isamu Noguchi, kwa bakelaiti, likafanana na kofia ya kuficha uso ya mchezo wa kendo wa Kijapani. Leo limewekwa kwenye majumba ya makumbusho. Sokoni halikufika mbali, maana pamoja na kilio cha mtoto lilinasa pia mawimbi mengine ya redio yaliyokuwa yakizurura.

Lakini tuseme lingefanya kazi bila kasoro. Lingesema nini? Mtoto akilia, utasikia. Mtoto akinyamaza, je? Huenda amelala. Huenda kitanda ni kitupu. Huenda waya umekatika. Sisi tunaoshughulika na seva tunalijua tatizo hili vizuri: kutopata ujumbe wa hitilafu si ushahidi kwamba hakuna hitilafu. McDonald alitaka kujua kwamba mtoto yupo. Alichopata ni kujua mtoto akilia, jambo ambalo mama wengi hulijua hata bila umeme.

Hatua ya pili inasikitisha zaidi. Mwaka 1972 daktari Alfred Steinschneider, wa Syracuse, New York, alichapisha makala katika jarida la Pediatrics kuhusu vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini. Alisema kwamba kusitasita kwa pumzi wakati wa usingizi ni dalili ya hatari inayokuja. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa watoto wawili wa familia moja, ambao ndugu zao watatu walikuwa wamekufa kabla yao, na wao pia wakafa. Kama dalili ni pumzi, basi mashine inaweza kuihesabu na kupiga kengele. Maelfu ya wazazi wakarudi nyumbani na mashine za aina hiyo, watoto wamefungwa nyaya vifuani.

Mwaka 1995 mama wa watoto wale watano, Waneta Hoyt, alipatikana na hatia ya kuwaua wote. Ule mfano uliobeba nadharia haukuwa ugonjwa, ulikuwa mauaji. Kisha mwaka 2001 ukachapishwa utafiti wa watoto 1,079 waliopimwa nyumbani kwao. Ikaonekana kwamba yale matukio yanayoamsha kengele ni ya kawaida hata kwa watoto wenye afya kabisa. Fikiria ni usiku ngapi baba na mama walikurupuka roho mkononi kwa sababu mtoto mzima alikuwa analala kama watoto wanavyolala. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mashine hizo zisitumiwe kwa lengo la kuzuia vifo hivyo.

Na kilichosaidia ni nini? Si mashine. Mwaka 1992 madaktari hao hao walishauri watoto walazwe chali au kwa ubavu badala ya kifudifudi, na mwaka 1994 ikaanza kampeni ya nchi nzima. Ndani ya miaka michache vifo hivyo vilipungua kwa karibu nusu. Ushauri wa bure, usiohitaji betri.

Hatua ya tatu inatuhusu sisi wa programu moja kwa moja. Kamera zilipounganishwa na intaneti, mzazi aliweza kumwona mtoto akiwa kazini. Januari 2012 picha za moja kwa moja kutoka kamera karibu 700 za kampuni ya TRENDnet zilisambazwa mtandaoni, zikiwemo za watoto waliolala. Wenyewe walikuwa wameweka nywila, lakini kasoro kwenye programu ilifanya nywila isiulizwe. Mwaka 2013 serikali ya Marekani iliibana kampuni hiyo kwa mapatano ya kisheria. Woga wa mwaka 1932 ulikuwa mtu anayeingia dirishani. Miaka 80 baadaye, dirisha tukalifungua sisi wenyewe.

Sisemi vifaa hivi ni takataka. Mzazi asiyesikia vizuri, au anayelala mbali na chumba cha mtoto, vitamfaa. Na mtoto ambaye daktari wake ameagiza apimwe, apimwe. Ninachosema ni kwamba mzazi hanunui sauti wala picha wala namba. Ananunua ruhusa ya kufumba macho. Ruhusa hiyo hakuna mashine iliyowahi kuitoa kwa haki, na anayeiuza anapaswa kusema wazi kifaa chake kinajibu swali gani na lipi hakijibu.

Mwishowe kaka yangu nilimwundia kitu kidogo: maikrofoni, kipaza sauti na taa ya kijani. Hakina intaneti. Taa inazimika kama mawasiliano yamekatika. Nilipompelekea nikamweleza: "Hii taa haikuambii mtoto yuko sawa. Inakuambia mashine iko macho. Ya mtoto, amka ukamtazame. Na mlazeni chali."

Shemeji alicheka, akasema kumtazama ndiyo kazi yake kila baada ya saa mbili tangu atoke hospitali, na kwamba angefurahi zaidi kama ningeunda kitu cha kumwamsha kaka.

Hicho ninaweza. Nimeshaanza.