Kuungua na Kuunga

Katika machimbo madogo ya Nyarugusu na Rwamagasa, mkoani Geita, kuchoma ni kazi yenye mahali pake. Mchimbaji akishainasa dhahabu kwa zebaki hupata donge la rangi ya fedha. Hulichoma, zebaki ikapaa mvuke, dhahabu ikabaki. Kisichotakiwa kimeondoka, kinachotakiwa kimesalia. (Kimeondoka machoni tu, mapafu ya aliyesimama karibu yanajua kilikokwenda.) Sasa mwanamke wa hukohuko akigundulika na saratani ya mlango wa kizazi, akapewa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, ndugu humweleza kwa lugha hiyohiyo: anakwenda kuchomwa mionzi. Neno hufika hospitali kabla ya mgonjwa, na huja na picha ya moto unaotenganisha.

Picha hiyo ina ukweli nusu. Ngozi ya anayetibiwa kwa mionzi huweza kuwa nyeusi, kuwasha, hata kuchubuka, na hakuna mpenda istilahi mwenye haki ya kumwambia mtu huyo kwamba hakuungua. Lakini tazama majira. Aliyemwagikiwa maji ya moto hulia papo hapo. Ngozi ya mionzi huanza kulalamika baada ya wiki mbili tatu. Hesabu ya joto nayo inakataa. Mionzi inayoingia mwilini hupimwa kwa grei, jina lililotokana na Louis Harold Gray, mwanafizikia wa Uingereza. Grei 1 ni jouli 1 ya nishati iliyoachwa katika kilo 1 ya mwili. Watu wakipata grei 4 mwili mzima kwa mkupuo mmoja, karibu nusu yao watakufa ndani ya miezi miwili wasipotibiwa. Nishati hiyohiyo ikigeuka joto, hupandisha mwili kwa nyuzi 0.001 tu. Kipimajoto cha wodini hakitashtuka.

Na nyuzi kwa Kiswahili ni mbili. Nyuzi za joto hazikuguswa. Zilizoguswa ni nyuzi za DNA, zile mbili zilizosokotana ndani ya kiini cha seli. Grei 1 huacha katika seli moja mikato 35 hivi ambapo nyuzi zote mbili zimekatika pamoja, mbali na mikato ya uzi mmoja mmoja, ambayo hufika 1,000 hivi. Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida hupata grei 2 hivi kwa siku, mara 25. Kitenzi kinachostahili, basi, ni kukatika. Na seli ikishakatika haikai kungoja: huunga. Hapa ndipo ninapoipenda lugha hii kupita kiasi, kwa sababu kati ya kuungua na kuunga kuna silabi moja, na habari yote ya damu na mionzi imekaa ndani yake.

Mara nyingi seli huunga vizuri. Sehemu kubwa ya mikato huwa imefungwa ndani ya saa 24. Balaa ni kuunga kwa pupa. Kromosomu mbili zikikatika zikiwa jirani, ncha ya hii huweza kushikamana na ncha ya ile, ikapatikana kromosomu moja yenye sentromia mbili. Wapo watakaotaka tuiite daisentriki. Mimi naiita kromosomu ya viuno viwili, maana sentromia ndipo kromosomu inapobanwa, na lugha yenye kiuno haina haja ya kukopa.

Kuzihesabu hizo, ili kukadiria mionzi ambayo mtu amepata, ni kazi ya subira. Mpimaji hutoa mililita chache za damu, huotesha limfositi zake, aina mojawapo ya chembechembe nyeupe, kwa saa 48 katika nyuzi 37 (za joto, safari hii) huku akizichochea zigawanyike, kisha huzisimamisha katikati ya mgawanyiko, pale kromosomu zinapojikusanya na kuonekana kwa hadubini. Kwa mtu ambaye hakupigwa mionzi, kromosomu ya viuno viwili huonekana mara moja au mbili katika seli 1,000. Ndiyo maana kanuni za kimataifa hutaka ahesabu seli 500, au apate kromosomu 100 za namna hiyo, lolote litakalotangulia. Idadi peke yake haisemi kitu bila mpindo wa kulinganishia, kwa hiyo damu ya watu wenye afya hutiwa katika mirija na kupigwa mionzi, mara nyingi kwa mashine zilezile za kutibia: grei nusu, 1, 2, hadi 4 au 5. Nimesema mpindo kwa sababu mstari wake hupinda. Ukiongeza mionzi mara mbili, viuno viwili huongezeka zaidi ya mara mbili, kwa kuwa mikato iliyoletwa na miale tofauti sasa nayo inakutana. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazili, watu walivunja chanzo cha seziamu kilichotelekezwa katika kliniki bila kujua ni kitu gani, na damu yao ndiyo iliyoulizwa kila mmoja amepata kiasi gani.

Njia nyingine zipo, kila moja na shida yake ya jina. Vipande vya kromosomu visivyo na kiuno huachwa nyuma seli inapogawanyika, vikajifungia pembeni mwa kiini kikubwa. Mwaka 1985 Fenech na Morley walionyesha namna ya kuvihesabu katika limfositi, na kwangu "vijiini" inatosha. Katika njia iliyoanzishwa na Östling na Johanson mwaka 1984, seli huwekwa ndani ya jeli na kupitishiwa umeme, DNA iliyokatika ikavutwa upande mmoja na kufanya mkia. Wanasayansi wameipa jina la nyota yenye mkia. Usiite kimondo: kimondo Mtanzania anakijua, kimelala Mbozi, tani kadhaa za chuma bila mkia wowote.

Linalonisumbua kuliko yote ni neno tunalodhani tunalo: kipimo. Mgonjwa anakwenda kufanya vipimo. Fundi anapanga kipimo cha mionzi, yaani kiasi. Chombo cha kupimia nacho ni kipimo. Ukiandika "kipimo cha mionzi katika damu", msomaji hajui kama unasema kilichoingia, kazi ya kukitafuta, au kilichoharibika. Dozi ingesaidia, ila dozi kwetu ni ya kumaliza, kama vidonge vya malaria, na mgonjwa wa mionzi huhesabu mara alizopigwa: "nimepigwa 25". Hata hivyo ningeiacha dozi ibebe kilichoingia, kipimo kibaki kazi ya kupima, na kilichopatikana kiitwe jeraha. Athari ni pana mno, madhara yanalaumu. Jeraha unaweza kulihesabu, na linaweza kupona.

Kama watu watakubali ni suala jingine. Machi 2017 serikali ilipozuia kusafirisha nje mchanga wa madini wa Bulyanhulu na Buzwagi, huko Kahama, neno makinikia lilitoka kwenye nyaraka likafika vijiwe vya bodaboda. Halikuhitaji kampeni; lilihitaji makontena 277 yaliyokwama bandarini. Na magwangala, yale mawe ya mabaki ya mgodi mkubwa wa Geita, sijui baraza lolote lililoketi kuyapa jina.

Wodini, kwa sasa, neno linalotawala ni damu tu. "Damu imeshuka." Ipi? Chembechembe nyekundu zilizokomaa hazina kiini, kwa hiyo hazina uzi wa kukatwa, na huishi siku 120 hivi. Limfositi ni miongoni mwa seli zinazoumizwa upesi kabisa. Uboho wa mifupa ya nyonga, unaozalisha chembechembe za aina zote, uko ndani ya eneo linalopigwa. Nesi akisema damu imeshuka akimaanisha nyeupe, ndugu kutoka Kahama watakuja na juisi ya rozela, matembele na maini, tiba walizozoea kwa damu nyekundu, na hakuna aliyewaambia uongo.

Hata mpimaji mwenyewe hatolewi mtegoni. Mionzi ya mgonjwa huyu inapiga nyonga, lakini damu inazunguka. Limfositi zilizokuwapo dakika ile zimeumia. Zilizokuwa mkononi au kichwani zimepita salama, kisha zote zimechanganyika katika bomba moja la sindano. Chini ya hadubini seli chache zina kromosomu mbili au tatu za viuno viwili kwa pamoja, nyingi hazina hata moja. Ukijumlisha na kugawa sawasawa utapata dozi ambayo pengine hakuna seli hata moja iliyoipata, na kwa desturi ya fani hiyo tarakimu hiyo huitwa dozi ya mwili mzima.