Bandu Bandu Huisha Gogo

Ewe msomaji, bila shaka umekwisha kusikia habari za mashujaa waliopanda vilele virefu vya dunia. Leo nataka nikusimulie habari za njia moja ya miguu iliyoko Marekani, upate kuona jinsi kazi kubwa inavyoweza kumalizwa kidogo kidogo.

Mwaka 1921 Benton MacKaye, mtaalamu wa misitu, alitoa shauri kwamba ikatwe njia ya kupita juu ya milima ya Appalachian, ili watu wa mijini wapate mahali pa kupumzisha mwili na akili. Kipande kimoja kilifunguliwa katika jimbo la New York mwaka 1923, na njia nzima ikaungana mwaka 1937. Huanzia Georgia upande wa kusini, ikaishia Maine upande wa kaskazini. Hupita katika majimbo 14, na urefu wake ni kilomita 3,500 hivi.

Je, nani alikuwa wa kwanza kuimaliza? Hakuwa mtu aliyetembea miezi mfululizo bila kurudi kwake. Alikuwa Myron Avery, mwanasheria wa serikali mjini Washington, ambaye kazi yake haikumruhusu kutoweka milimani nusu mwaka. Basi alikwenda kipande baada ya kipande, akisukuma gurudumu la baiskeli lenye chombo cha kupimia mwendo. Kufikia mwaka 1936, kabla hata kipande cha mwisho hakijakatwa, alikuwa amekwisha kuipita yote. Earl Shaffer, aliyesifiwa kwa kuimaliza katika safari moja, alikuja baadaye, mwaka 1948.

Mpaka leo wako wengi wafuatao mwendo wa Avery, na baadhi yao huchagua majira ya baridi. Hapo ndipo busara inapopimwa. Kwetu sisi mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Lakini katika milima ya New Hampshire, mwezi wa Desemba, mchana hudumu kwa muda wa saa 9 tu. Njia huonyeshwa kwa alama za rangi nyeupe juu ya miti na mawe. Theluji ikianguka, nyeupe hufunikwa na nyeupe. Kipande cha siku moja wakati wa joto chaweza kumshinda mtu kwa siku mbili.

Wala usipime hatari kwa urefu wa mlima. Mount Washington, ambao njia hii huupita, una mita 1,917 tu. Mji wetu wa Nyahururu uko juu zaidi. Lakini tarehe 12 Aprili 1934 upepo uliopimwa kileleni pale ulikwenda kilomita 372 kwa saa.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1849, kabla njia hii haijafikiriwa, Mwingereza Frederick Strickland aliupanda mlima huo. Walipokuta theluji, mwenzake na kiongozi wao walirudi; yeye akaendelea peke yake. Baadaye alikutwa amekufa. Waliorudi hawakuandikiwa sifa yoyote, lakini walifika nyumbani.

Yafaa ujue jinsi baridi inavyoua. Nguo zikilowa kwa jasho au theluji, joto la mwili hutoroka upesi. Kwanza mtu hutetemeka, kisha fikira zake hupumbaa, hata asiweze kujua kwamba yumo hatarini. Kwa hiyo msafiri mwenye akili huamua saa ya kurudi kabla hajaondoka, wakati fikira zake zingali timamu, naye hulishika neno lake hata kama kilele kiko mbele ya macho.

Na hapo ndipo mwenda kwa vipande anapopata faida. Akirudi leo hajapoteza safari yake: huweka alama katika ramani yake, akangoja hali njema, kisha akaanzia pale pale alipoishia. Mlima hauhami.

Nawe, mwanafunzi, una njia yako ndefu. Usimwonee wivu aendaye kwa mbio, wala usione haya kusimama penye hatari. Wahenga walisema: bandu bandu huisha gogo. Lakini gogo humalizwa na yule aliye hai kesho kulishika shoka tena.