Fulana Iliyochapwa: Historia ya Nguo na Nguvukazi katika Pwani ya Kilwa

Kila chombo cha kazi kina historia yake, na historia hiyo ni ya watu waliokitumia na ya watu waliofaidika nacho. Hatuwezi kukielewa chombo kwa kukitazama chenyewe tu. Hatuna budi kuuliza kimetoka wapi, kimeshikwa na nani, na mazao yake yamekwenda wapi.

Ukipita Miteja, kata ya pwani kaskazini mwa Wilaya ya Kilwa, wakati wa palizi ya ufuta, utawakuta wakulima shambani wamevaa fulana zenye maandishi. Moja ina jina la mgombea wa uchaguzi uliokwisha pita. Nyingine inatangaza chanjo au chandarua. Ya tatu ina jina la chuo cha nchi ambayo mvaaji hajapata kuiona. Kwa macho ya haraka hilo ni jambo dogo. Lakini kifua cha mkulima huyo kimebeba historia ndefu ya uchumi wetu, na kada au mwanafunzi anayetaka kuielewa nchi yake anaweza kuanzia hapo.

Makala hii inaeleza jinsi ufundi wa kuchapa nguo ulivyobadilika, hasa ufundi wa skrini unaotumika katika fulana, na inauliza kila badiliko lilimnufaisha nani.

NGUO KABLA YA FULANA

Watu wa pwani hii hawakungoja meli za kigeni ili wajue nguo. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960 walifukua vigurudumu vidogo vya vigae, vilivyotobolewa katikati, ambavyo vilitumika kusokotea nyuzi za pamba. Kabla Wareno hawajauteka mji huo mwaka 1505, watu wa Kilwa walikuwa wakisokota kwa mikono yao, ingawa vitambaa vya thamani vilitoka India.

Karne ya 19 ilileta hali nyingine. Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Zanzibar na Marekani, kitambaa kizito cha pamba kutoka viwanda vya Massachusetts kilienea pwani nzima, na watu wakakiita merikani. Kilipopakwa nili kikawa kaniki. Misafara iliyotoka Kilwa Kivinje kwenda Ziwa Nyasa ilichukua nguo na kurudi na pembe za ndovu na binadamu waliofanywa watumwa. Kwa hiyo nguo ya kigeni haikuwa vazi tu. Ilikuwa fedha ya biashara iliyowaangamiza watu wetu, na ushindani wake uliudhoofisha ufumaji wa wenyeji.

Kisha ukaja ukoloni wa Wajerumani. Wao walitaka pamba yenyewe, ili viwanda vya kwao visitegemee pamba ya Marekani. Kuanzia mwaka 1902 serikali yao iliamuru mashamba ya pamba ya pamoja, na watu wakalazimishwa kuyalima chini ya maakida na majumbe. Jibu lilitoka milima ya Umatumbi, magharibi ya Miteja. Mwezi Julai 1905, huko Nandete, watu waling'oa miche ya pamba, na kitendo hicho kikawa ishara ya Vita vya Maji Maji. Siku chache baadaye wapiganaji walishuka pwani hadi Samanga, ambayo leo tunaiita Somanga, jirani na Miteja, wakaiteketeza pamba na kituo cha biashara. Walikuwa na sababu. Pamba ilikuwa mmea uliochukua jasho lao na kurudi kama kitambaa cha kununua.

MANENO YETU, MITAMBO YA WENGINE

Wakati huohuo, wanawake wa Zanzibar na Mombasa walikuwa wakibuni vazi la kanga. Mwanzoni leso zilishonwa pamoja, na michoro iligongwa kwa mihuri ya mbao. Baadaye ikaongezwa methali au neno la mafumbo, kwanza kwa hati ya Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi. Fikra zilikuwa zetu, lugha ilikuwa yetu, na uchaguzi wa rangi ulikuwa wa wanawake wa Kiswahili.

Lakini mitambo ilikuwa Ulaya, India na hatimaye Japani. Wafanyabiashara walipeleka maneno huko, na maneno yalirudi yakiwa yamechapwa juu ya kitambaa. Mwanamke wa Kilwa alinunua methali ya bibi yake kwa bei iliyokuwa na ujira wa mfanyakazi wa mbali na faida ya tajiri wa mbali. Jambo hili tulishike vizuri, kwa sababu litarudi tutakapoizungumzia fulana.

Skrini nayo ilikuwa ikikua katika kipindi hichohicho. Asili yake ni ufundi wa zamani wa China na Japani wa kupitisha rangi katika karatasi iliyokatwa matundu. Mwaka 1907 Mwingereza Samuel Simon wa Manchester alipata hataza ya kutumia kitambaa cha hariri kilichowambwa kwenye fremu. Ufundi wenyewe ni rahisi kuuelewa. Fremu inawambwa kitambaa chepesi chenye matundu madogo sana. Sehemu zisizotakiwa kupitisha rangi zinazibwa. Rangi inamwagwa juu, kisha inasukumwa kwa kipande cha mpira hadi ipenye na kushika nguo iliyo chini. Kila rangi inahitaji fremu yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, nailoni na poliesta zilichukua nafasi ya hariri. Dawa inayoganda kwa mwanga ilichukua nafasi ya karatasi iliyokatwa kwa kisu, na hivyo hata picha iliweza kuchapwa. Rangi za plastiki zinazokaushwa kwa joto la nyuzi 160 hivi zikafanya maandishi yadumu. Mwaka 1963 kampuni ya Stork ya Uholanzi ilitoa mtambo wa skrini za mviringo, unaochapa mita kwa mita bila kusimama. Tangu hapo skrini ilikuwa na sura mbili: mtambo mkubwa wa kiwanda cha vitambaa, na fremu ya mbao ya fundi wa mtaani.

VIWANDA VYA TAIFA

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliitaka nchi ijitegemee, na nguo ilikuwa miongoni mwa mahitaji ya kwanza. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo, Dar es Salaam, kwa msaada wa China. Mwanza kulikuwa na Mwatex, na baadaye Musoma ikapata Mutex. Viwanda hivyo vilisokota, vilifuma na kuchapa. Kwa mara ya kwanza pamba ya mkulima wa Usukuma iliweza kuwa uzi, kitambaa, kanga na kitenge bila kuvuka bahari.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ni mfano mzuri. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadili na kuchimba vyoo. Kitambaa chenye alama za kampeni kilichapwa na kuuzwa. Hapa nguo ilifuata kazi. Aliyeivaa alikuwa na maana ya kuivaa, maana alikuwa amejifunza na ametenda.

Hata hivyo ukweli usemwe wote. Viwanda hivyo vilitegemea vipuri, rangi na dawa kutoka nje. Bei ya mafuta ilipopanda, vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vilipomaliza akiba, na fedha za kigeni zilipokosekana, mitambo ilisimama mara kwa mara. Uongozi mbovu na ukiritimba viliongeza ugonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupata kanga dukani kulikuwa shida, na mikoa iliyo mbali na reli na barabara nzuri, Lindi ikiwamo, iliumia zaidi. Aidha, kwa miongo mingi kilimo cha pamba kilizuiwa katika mikoa ya kusini ili funza mwekundu asienee kwenye mashamba ya kanda nyingine. Kwa hiyo mtu wa Miteja alikuwa mnunuzi wa nguo tu. Hakuwa na sehemu katika kuizalisha.

SKRINI YASHUKA MITAANI

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa. Mitumba ikamiminika. Mwananchi alipata nguo kwa bei aliyoiweza, na hatuwezi kumlaumu aliyekuwa amevaa viraka. Lakini viwanda vilivyokuwa vimedhoofika havikustahimili. Urafiki kiliingia ubia na Wachina katika miaka ya 1990, na viwanda vingine vikafungwa.

Katika kipindi hicho fulana ilichukua nafasi kubwa. Wakati kiwanda kikubwa kilipokuwa kinalala, karakana ndogo ziliamka Kariakoo na mitaa mingine ya Dar es Salaam. Kijana alihitaji fremu, meza, kopo la rangi, dawa, na jua la kugandishia dawa hiyo. Hakuhitaji mtaji wa mamilioni. Kwa upande huu skrini ilikuwa chombo cha ukombozi: uwezo wa kuchapa, ambao zamani ulikuwa wa matajiri wa ng'ambo na kisha wa mashirika ya umma, ulifika mikononi mwa fundi wa kawaida.

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Kilichoshuka mitaani ni hatua ya mwisho tu ya kazi. Fulana nyeupe anayochapa kijana huyo kwa kawaida imesokotwa, imefumwa na kushonwa nje ya nchi, na rangi yake imetoka nje vilevile. Sehemu kubwa ya pamba yetu bado huuzwa ng'ambo ikiwa pamba nyuzi. Tukilinganisha na kanga ya zamani, mambo yamegeuka bila kunyooka. Zamani maneno yetu yalichapwa kwao. Leo tunayachapa sisi, lakini juu ya nguo yao.

FULANA YA BURE

Skrini ina tabia moja ya kiuchumi. Gharama kubwa iko katika kutengeneza fremu. Ikishatengenezwa, fulana ya elfu moja haina gharama ya matayarisho kama ya kwanza. Kwa hiyo skrini inapenda oda kubwa ya neno moja. Na oda kubwa ya neno moja ni ya nani? Ni ya kampuni, ya mradi wa wafadhili, na ya mgombea.

Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, na uchaguzi wa kwanza wa mfumo huo ulipofanyika mwaka 1995, fulana, kofia na kanga zikawa silaha za kampeni. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo, ikiona kwamba vinafungua mlango wa rushwa na kumbagua mgombea asiye na mali. Mwaka 2010 ikapitishwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi.

Makada hawana budi kulitafakari jambo hili bila kuoneana haya. Nguo ya Mtu ni Afya ilinunuliwa na mtu aliyekwisha jifunza. Fulana ya kampeni inagawiwa kwa mtu ambaye hajaulizwa lolote. Mkulima wa Miteja anaipokea kwa sababu anahitaji nguo ya shamba, na hapo hakuna kosa lake. Kosa ni la anayehesabu fulana mkutanoni akadhani amehesabu wafuasi. Chama chochote kinachopima imani ya watu kwa nguo kilizowapa kitajidanganya chenyewe kabla hakijawadanganya watu.

UFUNDI MPYA, SWALI LA ZAMANI

Tangu miaka ya 2000 skrini imepata washindani. Zipo mashine zinazonyunyiza rangi moja kwa moja juu ya fulana kutoka kwenye kompyuta, na zipo karatasi za plastiki zinazochapwa kisha kubandikwa kwa pasi ya joto. Mashine hizi hazihitaji fremu, na fulana moja inaweza kuchapwa peke yake. Kikundi cha wakulima wa ufuta, timu ya kijiji au familia yenye msiba inaweza kupata neno lake bila kungoja mwenye oda ya elfu moja. Na tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 katika mto Rufiji, safari ya Dar es Salaam haitegemei tena kivuko.

Hata hivyo mashine, wino na fulana vyote vinatoka nje. Nguvu ya utegemezi huo tuliiona karibuni. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ilitishia kuondoa nafuu ya soko lake. Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zilinyimwa nafuu hiyo. Tusiseme kwa wepesi nani alikosea. Tuseme kwamba nchi isiyofuma nguo yake ina nafasi ndogo ya kuchagua.

WAJIBU WETU

Kwanza, mwanafunzi anaposoma Maji Maji asikomee kwenye maji ya Kinjikitile. Asome pia pamba, kwa sababu swali lililoulizwa Nandete mwaka 1905, la nani analima na nani anavaa, halijapata jibu kamili.

Pili, tusiite karakana ya kuchapa kiwanda cha nguo. Tuiheshimu kama kazi halali ya vijana, tuipe mafunzo na mikopo, lakini tujue kwamba uzi na kitambaa ndivyo vyenye ajira nyingi na thamani kubwa.

Tatu, taasisi na vyama vinavyoagiza fulana kwa maelfu vina uwezo ambao mnunuzi mmoja hana. Oda hizo zikiuliza kwanza nguo imefumwa wapi, zitakuwa soko la kiwanda cha ndani. Zikiuliza bei tu, zitaendelea kuwa soko la kiwanda cha wengine.

Mkulima wa Miteja ataendelea kupalilia ufuta akiwa amevaa neno la mtu mwingine kifuani. Yeye anajua fulana ile itachakaa baada ya misimu miwili mitatu. Wanaoichapa na wanaoigawa nao wajue hivyo, na waulizane ni kitu gani kitakachobaki Miteja itakapokuwa imechanika.