Wakara na Udongo Wao

Katika Ziwa Victoria, kaskazini ya Ukerewe, kiko kisiwa kidogo kiitwacho Ukara. Watu wake walikuwa wengi, na udongo wao wa mchanga. Mahali pa kuhamishia shamba hapakuwapo. Basi, kabla Wazungu hawajafika, Wakara walikuwa wakiulisha udongo. Ng'ombe walifungwa shimoni ndani ya nyumba, wakaletewa majani. Samadi ikachukuliwa mpaka shamba la uwele. Hata mti ulikuwa na mwenyewe. Wasemao kwamba ukulima bora huja kwa kufundishwa tu, na waitazame Ukara. Tena liko la ajabu, ndugu msomaji: Wakara waliohamia bara, penye ardhi tele, wengi waliiacha kazi ile. Hawakuwa wameisahau; huko haikuwalazimu.