Uunganishaji wa data za biashara mtandaoni

Uunganishaji wa data za biashara mtandaoni ni kazi ya kuiwezesha mifumo iliyojengwa kila mmoja kivyake (tovuti ya mauzo, programu ya hesabu, daftari la ghala, huduma ya malipo kwa simu) ipashane habari za oda, bidhaa, bei na fedha bila mtu kuzinakili upya kwa mkono. Kuifanya mifumo hiyo iwasiliane kupitia intaneti ndiyo sehemu nyepesi. Kazi kubwa iko kwenye makubaliano: kilichoandikwa upande mmoja kieleweke vilevile upande wa pili.

Chimbuko lake ni uchukuzi. Wasovieti walipoifungia Berlin Magharibi njia za nchi kavu mwaka 1948, mji ulilishwa kwa ndege hadi 1949, na mizigo ilifika ikiwa na hati za miundo mbalimbali. Edward Guilbert, mwanajeshi wa Marekani, alishiriki kubuni orodha ya mizigo ya muundo mmoja iliyoweza kutumwa kwa teleksi, redio au simu. Miaka ya 1960 aliliendeleza wazo hilo akiwa na kampuni ya kemikali ya DuPont. Marekani iliunda kamati ya viwango ya X12 mwaka 1979, na mwaka 1987 kanuni za EDIFACT, zilizoandaliwa chini ya Umoja wa Mataifa, zikawa kiwango cha kimataifa, ISO 9735.

Ujumbe wa EDIFACT ni mfupi mno. Mstari QTY+21:48' unasema kwamba kiasi kilichoagizwa ni 48. Namba 21 ikibadilishwa kuwa 12, ni kiasi kilichosafirishwa. Ikiwa 47, ni kiasi kilichotozwa kwenye ankara. Kwa hiyo mnunuzi aliyeagiza 48, akaletewa 40 na kudaiwa 48, anaonyeshwa tofauti hiyo na mashine kabla hajalipa. Ndiyo sababu maduka makubwa na viwanda bado vinautumia mfumo huu wa zamani.

Baada ya XML, lugha ya kupangia data kwa lebo, kutoka mwaka 1998 ziliandaliwa hati za biashara zinazosomeka kwa urahisi zaidi, zikiwemo za UBL, iliyofanywa kiwango cha ISO/IEC mwaka 2015. Maduka mengi ya mtandaoni leo huunganishwa kwa API, yaani mlango ambao programu moja huufungulia nyingine. Safaricom ya Kenya ilifungua wa M-Pesa, uitwao Daraja, mwaka 2017. API zimeharakisha kazi, ila kila kampuni hujipangia muundo wake, na hiyo ni hasara halisi. Mifumo sita ikiunganishwa kila mmoja na mwenzake inahitaji viunganishi 15, na kila kimoja kina tafsiri yake ya kutunzwa. Ikipitia kituo kimoja cha kati, vinatosha sita.

Bidhaa hutambulishwa kwa namba za shirika la GS1, zile za msimbopau, ambao ulisomwa dukani kwa mara ya kwanza huko Troy, Ohio, tarehe 26 Juni 1974. Namba ina tarakimu 13, na ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile 12 ili kunasa makosa ya uandishi. Mwanzo wa 616 ni wa GS1 Kenya na 620 ni wa GS1 Tanzania. Wengi hudhani tarakimu hizo zinataja nchi bidhaa ilikotengenezwa. Zinataja tu shirika lililotoa namba.

Namba pekee haitoshi. Chukua khanga: tovuti inauza kwa doti (vipande viwili), stoo inahesabu vipande, na muuzaji wa jumla anatoa kwa korija. Korija ni 20, lakini ni doti 20 au vipande 20? Lisipoamuliwa hilo, tovuti itauza mara mbili ya kilichopo, au itaandika “zimekwisha” huku nusu ya mzigo iko rafuni. Saa nazo husumbua. Mauzo ya saa 7 usiku, tarehe 1 Julai, Dar es Salaam, kwenye seva inayofuata saa za UTC ni ya saa 4 usiku, tarehe 30 Juni, hivyo huingia kwenye hesabu za mwezi mwingine. Taarifa ya malipo pia inaweza kutumwa mara mbili mtandao unapokatika; mfumo usiolinganisha namba ya muamala utahesabu fedha ambazo hazikuingia.

Kosa linalogharimu zaidi ni kuacha mifumo miwili ibadilishe taarifa ileile, kila mmoja ukijiona ndio wenye neno la mwisho. Anayetaka kuunganisha mifumo yake aanze kwa kuandika, kabla ya kununua programu yoyote, ni mfumo gani utakaoaminiwa kwa bei, upi kwa idadi ya bidhaa, na upi kwa malipo.