Shule za misheni za Mtwara na somo la kumhudumia jirani

Machi 1861 meli ndogo ya mvuke iitwayo Pioneer iliingia mdomo wa Mto Ruvuma. Ndani yake walikuwamo David Livingstone na Askofu Charles Mackenzie, kiongozi wa kwanza wa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyoundwa na vyuo vikuu vya Uingereza. Walitafuta njia ya maji ya kufikia Ziwa Nyasa bila kupita katika himaya ya Wareno. Mto ukawakatalia. Maji yalipungua, meli ikawa inagusa mchanga, wakageuza. Mwaka uliofuata Mackenzie alifariki kwa homa katika bonde la Shire, na mwaka 1864 misheni ikahamishia makao yake Unguja.

Livingstone alirudi pwani hii mwaka 1866. Safari hii, mdomo wa Ruvuma ulipoonekana haufai kushushia wanyama wa mizigo, alishukia Mikindani. Miongoni mwa watu wake walikuwamo vijana tisa kutoka shule ya Nasik, India: Waafrika waliookolewa utumwani, wakafundishwa kusoma, dini na kazi za mikono. Shule ya namna hiyo, yenye sala, kitabu na ufundi chini ya paa moja, ndiyo iliyokuja kuota mizizi bara ya Mikindani miaka kumi baadaye.

Pwani yenyewe ilikuwa na elimu yake tangu zamani. Mikindani, Msimbati na vijiji vya kando ya mto vilikuwa na vyuo vya Kurani, na mtoto wa chuoni alijua kwamba ukimaliza kusoma ubao wako kuna maji ya kumtekea mwalimu na kuni za kumletea. Misheni haikuleta katika nchi hii wazo la mwanafunzi kufanya kazi. Jambo jipya lilikuwa kumuuliza mwanafunzi anamfanyia nani kazi hiyo, na swali hilo ndilo ninalolifuata katika makala haya, kwa sababu naamini heshima na aibu za shule za Kikristo za Mtwara zote zimetokana nalo.

Mwishoni mwa 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja kwa meli hadi Lindi, kisha akapanda bara akiwa na watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani, wake kwa waume. Nia ilikuwa kuwasogeza kuelekea Nyasa. Walipofika Masasi, penye milima ya mawe na ardhi nzuri, wakaomba wabaki. Hapo shule, kanisa na kijiji vilizaliwa siku moja. Aliyefundishwa kusoma ndiye aliyekata miti, akakandika udongo na kulima mtama wa kijiji kizima. Mwaka 1882 Wangoni, ambao huku wakiitwa Magwangwara, waliishambulia Masasi na kuisambaratisha. Ikajengwa upya.

Mtu ninayemwona mkubwa kuliko wote katika miaka hiyo ni Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, mtumwa aliyekombolewa akiwa mtoto, akasoma Kiungani, Unguja. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, na mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza kuupata katika UMCA. Alikaa huko miaka mingi bila Mzungu wa kumsimamia, akifundisha, akibatiza, akifungua shule vijiji vya jirani. Watu wa Chitangali walimwona mwenzao mwenye lugha yao akitumia elimu aliyoipata ng'ambo ya bahari kwa ajili yao. Hakuna mtaala ungeliweza kulifundisha jambo hilo vizuri zaidi.

Vincent Lucas alifika Masasi mwaka 1909, na mwaka 1926 akawa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo mpya. Yeye aliliona jambo ambalo mapadri na walimu Waafrika walikuwa wakilijua kwa damu: shule kubwa ya nchi hii ilikuwa porini, kwenye jando. Huko mvulana alifundishwa kumheshimu mkubwa, kuvumilia maumivu, kutunza siri na kubeba wajibu wa ukoo. Misheni nyingine zililipiga marufuku. Masasi walilibatiza. Kambi ilibaki kambi, ngariba akabaki ngariba, wari wakakaa porini majuma kadhaa kama kawaida. Lakini padri alikuwa nao, sala za mizimu zikaachwa zikaingia sala za Kikristo, na mafundisho yaliyoonekana kukiuka maadili ya Kanisa yakaondolewa. Wapo waliosema Lucas amepoza dini, na wazee wakasema amepoza jando. Mimi naona alielewa kwamba Mmakua au Myao hawezi kufundishwa kumtumikia jirani kwa kitabu pekee, akiwa nje ya mahali ambapo jamii yake inamfanya mtu kuwa mtu.

Upande wa Wakatoliki, historia ilianza kwa majonzi. Wabenediktini kutoka Ujerumani walikuwa wamefungua Lukuledi na Nyangao miaka ya 1890. Vita vya Majimaji vilipolipuka mwaka 1905, Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa njiani kuelekea Peramiho, na vituo hivyo viwili vikachomwa. Mwaka 1906 wakaanza Ndanda, chini ya mteremko wa uwanda wa Makonde, palipo na chemchemi. Kanuni yao ni sala na kazi, na Ndanda waliitimiza kwa nyundo na randa: karakana za useremala, uashi na uchapaji zikachukua vijana wa kujifunza. Daktari mtawa Thekla Stinnesbeck alipofika mwishoni mwa miaka ya 1920, hospitali ikawa darasa jingine, na wenye ukoma wakapata makazi na matibabu Mwena.

Hata hivyo si kila jembe lililoshikwa na mtoto wa shule lilikuwa huduma. Katika shule nyingi za misheni, kote Afrika Mashariki, mtoto alilima shamba la misheni badala ya ada, na jembe lilelile likawa adhabu ya aliyechelewa. Mazao hakuyaona, na sababu ya kazi hakuelezwa. Wazee waliosoma enzi hizo wanazikumbuka nyimbo za kanisani kwa upendo, lakini shamba la padri wanalitaja kwa sauti nyingine. Hilo lisifichwe.

Tofauti ilionekana wazi Lulindi. Daktari Leader Stirling alikuja na UMCA mwaka 1935 akafanya upasuaji katika jengo la miti na nyasi. Aliona kwamba hataweza peke yake, akaanza kuwafundisha vijana uuguzi. Hapa kazi ilikuwa na mwalimu wake. Kijana alimwosha mgonjwa, akafunga kidonda, kisha akaelezwa kwa nini kidonda kimeoza na kile cha jirani yake kimepona, akasomea mtihani. Jioni kulikuwa na skauti. Mwaka 1949 Stirling aliingia Ukatoliki akahamia Mnero, akaendelea vilevile. Kuanzia 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, wakati taifa likijenga zahanati vijijini.

Trevor Huddleston, aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968, alishuhudia Uhuru, na baada ya 1964 wakimbizi wa vita vya Msumbiji wakivuka Ruvuma. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea: kila shule iwe na shamba, na mwanafunzi asijitenge na jamii inayomsomesha. Aliyesoma misheni aliyatambua mengi humo, isipokuwa sala. Sheria ya Elimu ya 1969 ikazitaifisha shule za misheni. Chidya na Ndanda zikawa za serikali. Kanisa lilipoteza madarasa, lakini hospitali ya Ndanda likabaki nayo.

Leo makanisa yana shule tena: Ndanda kuna sekondari ya Abbey, Mtwara mjini kuna Aquinas, na tangu 2009 Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris kinaandaa walimu. Watoto wa Kiislamu wanasoma humo pamoja na wenzao. Ninachokihofia ni mbio za ufaulu. Ratiba inajaa masomo ya ziada hadi Jumamosi, na huduma inabaki kuwa ziara ya siku moja yenye sabuni, mchele na picha. Mtoto anarudi bwenini bila kujua jina la bibi aliyempelekea sabuni, wala kwa nini bibi huyo anaishi peke yake. Shule inayotaka kufanya zaidi haihitaji kwenda mbali kuuliza njia. Pale Ndanda wanafunzi wa uuguzi bado wanaingia zamu wodini, wakiwahudumia wagonjwa wa dini zote waliopanda basi kutoka Newala, Mikindani na Mahurunga, na kazi hiyo inahesabiwa katika masomo yao sawasawa na mtihani wa karatasi.