Kwa Nini Dawa ya Malaria Ilibadilishwa

Huenda unaikumbuka klorokwini, ile tembe chungu ya malaria. Kimelea cha malaria hula damu yetu, na chakula hicho huacha sumu ambayo ni lazima kiigeuze ili kiishi. Klorokwini ilikizuia kuigeuza, kikafa. Kisha vikazuka vimelea sugu, vinavyoitema dawa hiyo. Mwaka wa 1998 Kenya ikageukia dawa za salfa, zinazokizuia kimelea kujitengenezea foleti, vitamini kinayohitaji ili kizaane. Nazo zikashindwa. Mwaka wa 2004 ikachagua dawa ya mseto, AL: dawa mbili zinazokishambulia kwa njia tofauti. Basi mama, mtoto akipata homa, apimwe kwanza. Akipatikana na malaria, mpe dozi zote 6 kwa siku 3, hata akichangamka mapema. Ukibakisha, unalea vimelea sugu.